Moyo wa Mzee Usiku

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanachama wetu, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Kitomanga. Imechapwa kama alivyoisoma, ila salamu za mwanzo zimeachwa.)



Ndugu Mwenyekiti aliponiandikia kunitaka nizungumze, nadhani alitazamia kusikia habari za kazi yangu, yaani mipango ya maendeleo. Namwomba radhi. Habari hizo mnazisikia kila siku na yamkini wengine mmezichoka. Leo nataka kuzungumza juu ya moyo wa binadamu: jinsi unavyopiga mtu akiwa amelala, na hasa moyo wa mtu ambaye ubongo wake umeanza kuchakaa. Mimi si daktari. Nilisoma takwimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kuhesabu: kaya, visima, magunia ya ufuta. Lakini kuhesabu kwa makini nilifundishwa hapa hapa, nikiwa kidato cha pili.

Wa rika langu mtakumbuka. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa na saa moja ya mkononi yenye mshale wa sekunde, nasi tulikuwa zaidi ya arobaini. Alitupanga wawili wawili nje ya darasa, akatuonyesha mahali pa kushika kwenye kifundo cha mkono, kwa vidole viwili na wala si kwa kidole gumba, kwa sababu gumba nalo lina pigo lake, utajihesabu mwenyewe. Kisha akapaza sauti: “Anza!” Baada ya dakika moja: “Basi!” Halafu tukakimbia hadi kwenye mwembe na kurudi, tukahesabu tena. Alikataza kuhesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili. Wakati ule tuliona ni ukali tu wa mwalimu. Miaka karibu ishirini baadaye nilikaa kando ya kitanda cha baba yangu, saa tisa za usiku, nikifanya somo lile lile.

Mzee wangu alikuwa mkulima wa ufuta, korosho na mihogo, kama wazee wengi wa hapa. Sehemu kubwa ya ujana wake aliimaliza juu ya dungu, akilinda shamba nguruwe wasilimalize. Mwaka 2003, mwaka ule Daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji na sisi watu wa Kusini tukaagana na kivuko cha Ndundu, nilirudi nyumbani kwa likizo nikamkuta mama analala mkekani chumba cha pili. Nilipomuuliza alicheka. “Baba yako siku hizi analinda shamba hata usingizini.” Kumbe ilikuwa kweli. Usiku ule nilimsikia kwa masikio yangu: “Huyo! Huyo! Mzungukie huku!” Kisha kishindo, mguu umepiga ukuta. Mama alikwisha pigwa ngumi ya jicho mara moja, na mzee alipoamka na kuona alichofanya alilia. Mchana alikuwa mtu mpole kuliko wote niliopata kuwajua.

Majirani walisema ni shetani. Alinyweshwa kombe, akasomewa, na wala sisemi kwamba vilimdhuru. Sisi watoto tulicheka tu. Miaka kumi na moja tulicheka. Katika muda huo mzee aliacha kunusa: ng'onda aliweza kupitishwa mbele yake asijue. Akawa anakwenda choo kwa taabu. Hakuna aliyeunganisha mambo haya matatu. Mwaka 2014 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ametulia, gumba likizunguka juu ya kidole cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Sauti ilififia, hatua zikawa fupi, na mkono mmoja ukawa hauning'inii kwa uhuru anapotembea.

Tulimpeleka mahali pa kwanza, ambapo sitapataja. Waliposikia kwamba anapiga kelele usiku na kupigana na watu wasioonekana, walimpa vidonge vya wagonjwa wa akili. Wiki mbili hazikupita akawa mkavu kama gogo, hata kumeza uji ilikuwa kazi. Mwaka 2015 nikamchukua Dar es Salaam. Huko daktari mmoja, kabla hajamgusa mzee, alimgeukia mama akamuuliza: “Mama, mzee analalaje?” Katika safari zetu zote hilo lilikuwa swali ambalo hakuna aliyepata kuuliza. Mama alieleza habari za nguruwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na daktari akaandika ukurasa mzima.

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la James Parkinson, mganga wa London aliyeueleza katika kijitabu chake cha mwaka 1817. Katika ubongo, kwenye shina lake, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Bila dopamini mwili haupokei vema amri ya kutembea. Seli hizo hufa polepole, na dalili za mkono na mwendo huonekana wakati nyingi zimekwisha kufa. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa wanyama dawa iliyomaliza dopamini yao, wakalala bila kujimudu. Alipowapa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliinuka. Kazi yake juu ya dopamini ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Vidonge vile vya kwanza alivyopewa mzee wangu hufanya kinyume: huzuia hata ile dopamini kidogo iliyobaki.

Sasa tuje kwenye usingizi. Sisi watu wa pwani tunalijua jinamizi. Unaamka, unaiona dari, unamsikia jogoo, lakini huwezi kuinua hata kidole, na kifuani kama amekukalia mtu. Nataka wanafunzi mwelewe kinachotokea, maana jinamizi ni ufunguo wa jambo hili. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba usingizi si wa namna moja. Mara kadhaa kila usiku macho ya aliyelala huchezacheza ndani ya kope, na ukimwamsha hapo mara nyingi atakusimulia ndoto. Katika kipindi hicho shina la ubongo huifunga misuli ya mwili, ili ukiota unakimbia, miguu isikimbie. Jinamizi ni pale akili inapoamka kabla kufuli halijafunguliwa. Mzee wangu alikuwa na kinyume chake: kufuli lilikuwa limevunjika. Alikuwa usingizini kabisa, na mwili ukitii ndoto.

Hali hiyo ilielezwa rasmi na Carlos Schenck, Mark Mahowald na wenzao huko Minneapolis, Marekani, mwaka 1986, kutokana na wagonjwa watano tu. Wakaendelea kuwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo. Katika kundi la wanaume 29 waliokuwa na umri wa miaka hamsini au zaidi, taarifa ya mwaka 1996 ilionyesha kwamba 11 walikwisha kupata dalili za Parkinson. Taarifa ya mwaka 2013 ilisema kati ya 26 walioweza kufuatiliwa, 21 walikuwa wamepata Parkinson au ugonjwa mwingine wa jamii hiyo, au wa kupoteza fahamu za uzeeni. Mtu wa takwimu akiona tarakimu kama hizo hukaa chini. Nguruwe wa mzee walikuwa wametupigia hodi miaka kumi na moja kabla ya mkono kutetemeka.

Na moyo unaingiaje hapa? Moyo una mtambo wake wenyewe wa kupiga, lakini mwendo wake hutawaliwa na aina mbili za mishipa ya fahamu. Mmoja ni wa kuharakisha: ukimwona nyoka, huo ndio hufanya kazi. Mwingine, uitwao vagasi, hutoka kwenye shina la ubongo ukashuka shingoni hadi kifuani na tumboni. Kazi yake ni kupoza. Fikirini dereva wa lori la korosho anayeteremka Mbwemkuru na kupanda tena. Mguu wake hautulii: mafuta, breki, mafuta, breki. Ndivyo moyo mzima ulivyo. Hata ukikaa kimya, hauendi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi huharakisha kidogo, ukiitoa hupunguza. Wengi hudhani moyo unaopiga sawasawa kabisa ndio mzuri. Sivyo. Kubadilikabadilika huko kudogo ndiyo alama kwamba dereva yu macho.

Usiku dereva huyu ana ratiba yake. Unapoingia usingizi mzito vagasi hutawala, mapigo hupungua, na shinikizo la damu hushuka kwa kiasi cha asilimia kumi hadi ishirini. Ukiingia usingizi wa ndoto, mapigo hupanda na kushuka bila mpango kufuatana na vituko vya ndoto.

Sasa, mwaka 2003 Heiko Braak, mwanasayansi wa Ujerumani, alipendekeza kwamba katika Parkinson uharibifu hauanzii kwenye ile sehemu nyeusi. Huanzia chini zaidi, pamoja na mahali inapotokea vagasi, na mahali pa kunusia, kisha hupanda. Si wagonjwa wote wanaofuata njia hiyo, na wataalamu bado wanabishana. Lakini pua ya mzee, tumbo lake na usingizi wake vilifuata maelezo ya Braak kana kwamba ameyasoma. Zaidi ya hayo, imethibitishwa kwamba kwa wagonjwa wengi wa Parkinson ile mishipa ya kuharakisha inayoingia kwenye moyo hunyauka. Huko Japani madaktari wameitumia habari hiyo kwa faida kubwa: hupiga picha za mishipa hiyo ili kutofautisha kusahau kwa uzeeni kwenye asili moja na Parkinson na kule kwa Alzheimer, maana katika Alzheimer mishipa ya moyo kwa kawaida hubaki.

Mwaka 2012 watafiti wa Denmaki walitangaza jambo lililonigusa sana. Walitazama mapigo ya watu waliolala kila waliposhtuka kidogo usingizini au kurusha mguu. Kwa mtu mzima wa afya moyo huruka mara moja, kisha hutulia. Kwa wagonjwa wa Parkinson, na hata kwa wale wenye kupigana na ndoto tu ambao hawajaanza kutetemeka, mruko huo ulikuwa mdogo. Mwili unapigana, moyo hauna habari.

Nilipoisoma taarifa hiyo, mzee alikuwa amelala chumba cha pili. Nikaamua kuhesabu. Ilikuwa mwaka 2016. Nilichukua saa yangu, daftari na tochi. Kwa ulinganifu nilimtumia mpwa wangu wa miaka kumi na tano, aliyekuwa akilala mkekani chini ya dirisha. Kabla ya kulala, mpwa alikuwa na mapigo 80 kwa dakika, mzee 74. Saa nane usiku, mpwa 60, mzee 71. Kabla ya saa kumi mpwa alianza kunong'ona katika ndoto. Nikampata 66, dakika iliyofuata 58, iliyofuata 71. Muda si mrefu nguruwe wakaingia shambani. Mzee alipiga kelele, akatupa mkono, akapiga teke ubao wa kitanda. Nilipofanikiwa kuushika mkono wake wa kushoto, jasho likinitoka mimi, nilihesabu dakika nzima kama nilivyofundishwa. Yalikuwa 72.

Usiku mmoja na mzee mmoja si utafiti. Umri nao hupunguza mabadiliko ya mapigo, kisukari pia, na baadhi ya dawa za presha. Hakuna daktari awezaye kusema “una Parkinson” kwa kuhesabu mapigo peke yake, na msiende nyumbani leo mkawatisha wazazi wenu. Lakini mimi nilijua nimeona nini. Yule dereva alikuwa ameondoa mguu kwenye mafuta na kwenye breki, na gari linakwenda lenyewe.

Nilichokosa kujua ni hatari yake, na hapa ndipo ninapojilaumu. Mishipa hii hiyo ndiyo inayobana mirija ya damu tunaposimama, ili damu isizame miguuni. Ikinyauka, mgonjwa akilala presha haishuki inavyotakiwa, wakati mwingine hupanda; figo hukojoza zaidi; mtu huamka kwenda haja mara tatu, mara nne. Na kila anaposimama ghafla presha huporomoka, na moyo, ambao ungepaswa kuongeza mbio kumsaidia, hubaki pale pale kwenye sabini na kitu. Mwaka 2018 mzee aliamka gizani kwenda msalani, akasimama, akaanguka mlangoni. Nyonga ilivunjika. Aliishi miezi minane mingine, yote kitandani.

Nilikuwa na ile tarakimu 72 katika daftari kwa miaka miwili. Laiti ningeipeleka kwa mtu anayejua, angeniambia mambo ya bei ya matofali. Kitanda cha mgonjwa wa namna hiyo huinuliwa upande wa kichwa, inchi sita hadi tisa, kwa matofali mawili ya kuchoma. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame akishika kitu. Chombo cha haja ndogo kiwe karibu yake. Presha yake ipimwe amelala, kisha amesimama, si ameketi tu kama ilivyo desturi. Na yule mwenye kupigana na ndoto, chini ya kitanda chake pasiwe na panga. Mzee wangu alikuwa nalo miaka yote ile, na ni Mungu tu aliyemlinda mama.

Huenda mnafikiri haya ni maradhi ya Wazungu. Hata baadhi ya wataalamu walipata kudhani hivyo. Lakini wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa hapa nchini na wa Uingereza waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba katika watu 161,071. Taarifa yao ya mwaka 2008 inasema waliwapata 33, wanaume 23 na wanawake 10, na wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu yeyote ugonjwa wao ni nini. Huko huko Hai, katika utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2013, waligundua kwamba kati ya wazee wa miaka sabini na kuendelea, kama sita katika kila mia walikuwa na maradhi ya kupoteza fahamu. Wazee wetu wanaishi miaka mingi kuliko babu zao, na maradhi ya uzee yanakuja pamoja na miaka hiyo. Je, wangepita nyumba kwa nyumba kuanzia Mchinga hadi Kitomanga, wangekuta nini? Mimi naweza kuwaonyesha nyumba moja.

Niseme neno juu ya upupu, maana naona wanafunzi wa zamani wanatazamana. Ndiyo, ule ule tuliokuwa tukiwapakia wenzetu kwenye madawati, na aliyepakiwa zaidi leo ni Mwekahazina wetu. Mbegu za mmea huo zina levodopa, dawa yenyewe. Wanasayansi wa India walilijua hilo mwaka 1937, na katika miaka ya karibuni zimejaribiwa kwa wagonjwa, kwa sababu vidonge vya kiwandani ni ghali na si kila duka la dawa linavyo. Lakini kiasi cha dawa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na ikizidi hutapisha, huteremsha presha ya kusimama, huleta maruweruwe. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akamchemshia babu yake. Mwanafunzi anayependa kemia, hapo pana kazi ya maisha yake yote, na shamba lake liko nyuma ya bweni.

Tangu nifike jana, wenzangu wawili wamenivuta kando. Mmoja mkewe analala chumba kingine. Wa pili mwenyewe ndiye anayepiga mateke, na umri wake ni kama wangu. Nimewaambia kilichoandikwa katika vitabu: si kila anayepiga mateke usiku ana ugonjwa huu, wengine ni kukoroma na kukosa pumzi, wengine ni dawa wanazotumia. Lakini waende hospitali, Sokoine pale Lindi kwa kuanzia, na wasingoje kuulizwa wanalalaje. Waanze wao kusema, na aliyelala nao awe shahidi.

Ndugu Mwenyekiti, saa ya mwalimu wetu sijui iko wapi, lakini naona wewe unayo yenye mshale wa sekunde. Naomba wanafunzi wa kidato cha pili wasogee mbele, kila mmoja amshike mkono mzee mmoja kati ya wazee wetu walioketi hapa. Vidole viwili, si gumba. Dakika nzima. Kisha wazee wasimame, na tuhesabu tena. Tutakapokuwa tayari, tafadhali utamke: “Anza!”